Kupima mvua ya mwaka nyumbani Mombasa: faneli na daftari, skrini ya sebuleni, au kituo cha waifai?

Mvua ya mwaka, yaani masika, ikianza, kila mtu Mombasa huwa mtaalamu wa hali ya hewa. Kwenye matatu ya Kisauni utaambiwa ya jana usiku ilipita ile ya El Niño ya 1997. Ukivuka feri, muuza mahamri wa Likoni atakwambia yalikuwa manyunyu tu, hata kuni hazikulowa. Huenda wote wawili wasema kweli. Wingu moja laweza kumwaga Nyali nzima na kuiacha Likoni na vumbi lake, na ndiyo maana kuna watu kama mimi wanaoamka kwenda kuchungulia chupa uani kabla ya chai.

Nimekuwa nikiandika mvua, joto na upepo wa nyumbani kwangu Tudor kwa misimu kadhaa. Nimetumia vifaa vya aina zote tatu nitakazozieleza hapa, vingine viwili kwa pamoja, na bado siwezi kumwambia mtu "nunua hiki" bila kwanza kujua anakaa wapi na asubuhi huwa wapi.

Simu siihesabu. Namba inayokaa chini ya jina "Mombasa" kwenye programu ya simu mara nyingi ni hesabu ya kompyuta kwa eneo kubwa, au kipimo cha uwanja wa ndege wa Moi kule Port Reitz. Ni habari nzuri, ila si ya uani kwako.

Vitu vyenyewe

Cha kwanza nakiita cha mkono: kipimamvua cha plastiki chenye faneli na alama za milimita, kipimajoto cha ukutani kinachoshika joto la juu na la chini la siku, na daftari. Upepo unautazama kwa macho, kwenye minazi na nguo za jirani zilizoanikwa.

Cha pili ni cha sebuleni. Skrini ndogo inakaa juu ya kabati, na nje kuna vihisi vinavyotuma vipimo kwa mawimbi ya redio, bila waya na bila intaneti. Utapata joto, unyevu na kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa inatukandamiza nayo. Vingi vina mvua na upepo pia.

Cha tatu ni ndugu yake cha pili aliyekwenda shule. Kinaunganishwa na waifai ya nyumbani, kinahifadhi vipimo kila dakika chache, unavisoma kwenye simu ukiwa Nairobi au Dubai, na ukitaka unavichangia kwenye mitandao kama Weather Underground ili wengine wavione.

Nimevilinganisha kwa mambo sita: kiasi cha mvua, saa na kasi yake, pa kukiweka, namna kinavyostahimili chumvi na kunguru wetu, kazi ya kila siku, na pesa. La kwanza na la tatu ndiyo yenye uzito. Pesa ni la mwisho kwa sababu maalumu, utaiona.

Kiasi cha mvua

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Ukishalielewa hilo, hata chombo cha kujitengenezea chaweza kuwa sahihi. Tafuta faneli yenye mdomo wa sentimita 11.3 kwa upana. Eneo la mdomo huo ni sentimita mraba 100, kwa hiyo kila mililita 10 utakazokuta kwenye chupa ni milimita 1 ya mvua. Nunua sirinji ya mililita 10 duka la dawa, vuta maji, hesabu. Sirinji tatu na nusu ni milimita 3.5. Chupa iwe ya lita mbili, ikupe nafasi ya milimita 200, na siku ya mvua kubwa weka sirinji kando uchukue jagi la kupimia la jikoni.

Cha mkono cha dukani kina ujanja mzuri zaidi: ndani ya silinda kubwa kuna mrija mwembamba ambao eneo lake ni moja ya kumi ya mdomo. Milimita moja ya mvua inasimama sentimita nzima ndani ya mrija, na mwenye macho mazuri anasoma hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kule Marekani kuna kundi la wapimaji wa kujitolea liitwalo CoCoRaHS, lililoanzia Colorado 1998, mwaka mmoja baada ya mafuriko ya Fort Collins. Wamekua wakawa maelfu, na mpaka leo wanasisitiza kipimamvua cha mkono. Si ushamba. Kwa kiasi cha siku nzima, maji yaliyo ndani ya mrija hayana cha kubishana.

Cha sebuleni na cha waifai hupima mvua kwa njia moja, kwa hiyo hapa nawahukumu pamoja. Ndani kuna kibembea chenye vijiko viwili. Maji yanadondokea kimoja, kikijaa kinapinduka, kinahesabu milimita 0.2 au 0.3, na cha pili kinachukua zamu. Mvua ya kawaida hakuna tabu. Ikija ile ya kumwagika kama ndoo, maji huendelea kushuka wakati kibembea kiko katikati ya kupinduka, na hayo hayahesabiwi. Rasharasha nayo yaweza kukauka kijikoni kabla hakijajaa. Siku hizi viko visivyo na kibembea kabisa, vinavyosikiliza vishindo vya matone. Havizibi, hilo ni raha, lakini hesabu zao huyumba zaidi mvua hadi mvua.

Usiku mmoja wa Mei nilisoma 61 kwenye skrini na 78 kwenye chupa, mita mbili tu kati yao. Nilipofungua faneli ya mashine nikakuta jani la mwarobaini limekaa juu ya tundu kama kifuniko, maji yalikuwa yakifurika pembeni. Skrini haikunionya. Kwake mvua ndogo na faneli iliyoziba ni kitu kimoja.

Tofauti ipo hapa: vituo vingi vya waifai vinakuruhusu kuweka namba ya kurekebisha, yaani ukishagundua kwamba chako husoma pungufu kidogo kila mara, unakiambia kizidishe. Vya sebuleni vya bei ya chini mara nyingi havina mlango huo, utarekebisha mwenyewe kwa kalamu.

Saa na kasi

Milimita 40 zilizonyesha usiku kucha zinaingia mchangani, asubuhi watoto wanakwenda shule na viatu vikavu. Milimita 40 hizohizo zikishuka kwa nusu saa, maji yanafika magotini barabarani na vyumba vya chini vinachotwa kwa ndoo. Chupa haijui tofauti. Itakupa 40 na kunyamaza.

Mvua nyingi za msimu wa kusi, upepo utokao kusini, hutujia usiku wa manane na alfajiri, umelala, kwa hiyo hoja hii si ndogo. Cha sebuleni hukuonyesha kasi ya mvua inaponyesha, ila kumbukumbu yake ni fupi, na vingine vikibadilishwa betri husahau vyote. Cha waifai ndicho kinachokuchorea mstari: ilianza saa tisa na robo usiku, ikakaza saa kumi, ikakoma adhana ya alfajiri. Kwa mtu anayetaka kujua kwa nini mtaro wa mtaa wake hufurika siku hii na si siku ile, mstari huo ndio jibu.

Nina nongwa moja na skrini za sebuleni, nayo ni ile picha ya wingu na jua inayodai kutabiri. Karibu na Ikweta kanieneo ya hewa ina kujaa na kupwa kwake kama bahari. Hufika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, tofauti ya hektopaskali (kizio cha kanieneo) 2 hadi 3, kila siku, hata jua likiwa la kupasua mawe. Mashine nyingi zimetengenezewa nchi za baridi, ambako kanieneo ikienda chini ni ishara ya mvua. Matokeo yake, alasiri moja kwa nyingine, yangu ilikuwa ikichora wingu. Jirani yangu, mzee aliyevua samaki maisha yake yote, alikuwa akipita akiuliza, "Mwanangu, mashine yako yasemaje leo?" Nikimwambia yasema mvua, anatazama upande wa bahari, anacheka, anaenda zake kuanika nyavu.

Dawa yake ni kulinganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, si saa kumi na saa nne. Wa waifai analifanya hilo kwa kutazama grafu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania, na baadaye mwezi huohuo Ialy kikasogea kaskazini kuelekea upande wetu, grafu ya siku kadhaa ndiyo iliyokuwa na maana. Namba moja kwenye skrini haikuambii kitu.

Kwa radi, wa mkono hajaachwa nyuma. Ukiona mmweko hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, umepata kilomita. Hatupigwi na radi kama watu wa Kisii na Kakamega, lakini hilo si ruhusa ya kupanda darini kusoma kipimo. Kaa ndani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mvua haitakimbia chupani.

Pa kukiweka

Hapa ndipo wengi huharibu kazi, na mashine ghali haiwaokoi.

Tuanze na joto. Vitabu vilivyoandikwa Uingereza vinasema tundika kipimajoto ukuta wa kaskazini, ndiko kwenye kivuli. Mombasa ni mtego. Tuko kama nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana hutupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba. Kati ya miezi hiyo, msimu wote wa mwaka na wa kipupwe, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na ukuta wa vitabu unakaangika. Disemba liko kusini. Hakuna ukuta wa kuaminiwa mwaka mzima. Kinachotakiwa ni kibanda cheupe chenye mbao za kulala kama dirisha la luva, hewa ipite na jua lisiingie, kimo cha mita moja na robo hadi mbili kutoka ardhini. Wazo hilo ni la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti katika karne ya 19, na fundi seremala yeyote wa mtaani aweza kukitengeneza akionyeshwa picha. Vihisi vya kisasa huja na sahani nyeupe zilizopangwa moja juu ya nyingine, kazi ni ileile.

Mvua nayo yataka uwazi. Kanuni ni kukaa mbali na mti au ukuta mara mbili ya kimo chake: mwembe wa mita 5, kaa mita 10. Mwenye ua Bamburi au Mikindani aweza. Wa Majengo na Mji wa Kale, ambako nyumba zimeegemeana kama watu kwenye foleni, ua wake ni paa. Na paa lina tatizo: kusi likipiga ukingo wa nyumba hurukia juu, na matone yanapita juu ya mdomo wa chombo badala ya kuingia. Kipimo cha darini karibu kila mara hupungua, na hupungua zaidi siku ya upepo mkali, yaani siku ileile unayotaka kujivunia namba. Kiweke katikati ya paa, si ukingoni, na kiwe chini ya kimo cha ukuta mdogo wa paa kama upo.

Upepo wenyewe ni kinyume. Kipimo rasmi huchukuliwa mita 10 juu ya uwanja wazi, kwa hiyo paa ndipo pake.

Sasa tazama: vituo vingi vya sebuleni na vya waifai huja na vihisi vyote kwenye mlingoti mmoja. Pazuri kwa upepo ni pabaya kwa mvua, na wewe utachagua kipi kiumie. Ukiweza, nunua kile ambacho kikombe cha mvua kimetengwa. Cha mkono hakina mgogoro huo, chupa huku na kipimajoto kule, lakini hakikupi upepo wa namba.

Chumvi, kunguru na stima

Chuma hakidumu pwani. Skrubu, springi na viunganishi vya betri huota kutu mapema, na aliyeko Nyali karibu na ufuo huona haraka kuliko aliyeko Changamwe. Chombo cha mkono cha plastiki tupu hupauka kwa jua mpaka alama hazisomeki, lakini hakina cha kuota kutu. Mashine za aina zote mbili zinahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila wiki chache, na viunganishi vipakwe mafuta mazito kidogo.

Kunguru ni habari nyingine. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu hawaachi kitu kinachong'aa au kinachozunguka. Kwangu waliwahi kuutumia ukingo wa faneli kama kiti cha kulia samaki. Waya mwembamba uliosimamishwa kuzunguka mdomo uliwafukuza, na ni lazima kwa vifaa vyote vitatu. Sisimizi na buibui hupenda kibembea zaidi.

Stima ikipotea, na kwenye dhoruba hupotea, cha mkono hakina habari. Cha sebuleni kinaendelea kwa betri. Cha waifai ndicho chenye taabu: vihisi viko hai kwa sola yao, lakini ruta imezima, na baadhi ya vituo hupoteza kabisa vipimo vya muda huo. Kabla ya kununua uliza jambo moja tu: skrini yake ina kumbukumbu ya ndani? Kisicho nayo kitakuachia pengo katikati ya mvua bora ya mwaka.

Kazi ya kila siku

Kipimamvua kinasomwa saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma vyao, ili siku yako ilingane na siku yao. Mwaga maji baada ya kusoma. Maji yaliyosahauliwa chomboni ni nyumba ya mbu, na Mombasa tumeshaijua dengi na chikungunya vya kutosha.

Kama ulisafiri, usiandike sifuri. Weka kistari. Sifuri ni kipimo, kistari ni kutokuwapo, na ukichanganya viwili hivyo daftari la mwaka mzima linaharibika. Ukirudi baada ya siku tatu na chupa ina 52, andika 52 kwa siku tatu, usigawanye.

Cha sebuleni hakikudai saa tatu, lakini lazima uandike namba kabla haijafutika, kwa hiyo ni daftari lilelile kwa jina jingine. Cha waifai kinajiandikia. Kinachotaka ni kusafishwa kila mwezi, na hapo ndipo wenyewe hulala, kwa sababu kitu kinachojiendesha husahaulika.

Pesa

Faneli, chupa na sirinji ni bei ya chai na mandazi. Cha mkono cha dukani ni hatua moja juu. Cha sebuleni ni ghali zaidi, na cha waifai ni ghali kuliko vyote, tena ongeza betri, vipuri vya kuagiza kutoka nje na bando la mwezi kama huna waifai kwa shughuli nyingine. Nimeliweka hili mwisho kwa sababu sijaona mtu aliyeacha kupima kwa kukosa pesa. Nimeona wengi walioacha kwa kukosa saa tatu asubuhi.

Kwa hali yako

Uko nyumbani asubuhi, una ua hata mdogo, na unachotaka ni kumbukumbu ya miaka utakayoweza kuilinganisha na ya kituo rasmi: cha mkono kitakufaa, na usione haya kwamba hakina taa. Mwalimu mwenye darasa pia, maana mtoto anayevuta maji kwa sirinji anaelewa milimita ni nini.

Unakaa ghorofani na una roshani tu: mvua isahau, roshani hukinga. Skrini ya sebuleni yenye kihisi cha joto, unyevu na kanieneo itakupa mengi ya kutazama, ukiifunika ile picha ya wingu kwa karatasi.

Unatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi bandarini au unafanya zamu: cha mkono kitakushinda wiki ya pili. Hapa waifai ina haki yake, mradi uchague chenye kumbukumbu ya ndani na ruta yako uipe betri ya akiba.

Una shamba Kisauni ya ndani au Likoni, na shida yako ni kujua kama imenyesha kule wakati wewe uko mjini: waifai kama mtandao upo, na kama haupo mwombe aliyeko shambani akusomee chupa saa tatu akupigie. Shangazi yangu hunipigia hivyo. Husema "nusu na kidole", na tumeshakubaliana kidole chake ni milimita 15.

Mtaa wenu hufurika na mnataka kupeleka hoja kwa wahusika wakiwa na kitu mkononi: mnahitaji saa na kasi, kwa hiyo kituo kimoja cha waifai kwenye paa la mtu mmoja, na chupa tatu nne za sirinji kwenye nyumba nyingine za mtaa kukisahihisha.

Na kama tayari una mashine na huiamini, usiitupe. Iwekee chupa kando yake msimu mmoja wa mwaka, andika namba zote mbili kila asubuhi, na usiisogeze moja ifanane na nyingine.